Mlango wa Mzee Komeo

Mlango wa duka la Mzee Komeo ulikuwa mfupi hata wateja wageni walidhani ni wa stoo. Haukuzaliwa hivyo. Ulikuwa mlango mrefu wa mbao ngumu, wenye heshima zake, ila kila mkubwa mpya aliyeingia madarakani mjini alitaka aonekane anafanya kazi, na hakuna kazi inayoonekana upesi kama kumwaga lami kwenye barabara kuu. Kuichimbua ya zamani hakuna aliyejisumbua. Lami juu ya lami, barabara ikapanda, duka likabaki chini pale pale. Nao mlango ulifungukia nje, kwa sababu kwa ndani, nyuma yake tu, ilisimama mashine ya kuchonga funguo. Basi kila barabara ilipopanda, mzee alichukua msumeno, akaukata mlango kwa chini, akajenga kizingiti mahali palipopungua, maisha yakaendelea. Majirani waliinua sakafu zao au walihama. Yeye alisema sakafu yake haijamkosea mtu.

Mwanawe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikaa kwenye mashine ile tangu alipomaliza shule. Alikaa hapo kwa muda tu, mpaka apate kazi nyingine, na huo muda ulikuwa umeshamtia mvi. Mwaka uliopita mkewe alipata kazi ya ualimu katika mji mwingine, akaondoka na binti yao. Fundi alisema atabaki mwezi mmoja, amweke mzee sawa, kisha awafuate. Mwezi ukavuta mwezi. Jana mkewe alimpigia simu, na safari hii hakugomba, jambo ambalo ndilo lililomtia Fundi baridi.

"Baba watoto, kesho tutakusubiri stendi," alisema. "Usipokuja, usijisumbue tena. Mtoto nimechoka kumdanganya."

Kwa hiyo asubuhi hii palikuwa na begi sakafuni kando ya meza ya mashine. Mzee alikuwa ameliona, kwa sababu aliliruka alipokuwa akienda kwenye kiti chake, lakini hakuliulizia. Alimgeukia dada wa duka la vitambaa, aliyekuja kuchongesha ufunguo, akaanza kumsimulia habari za barabara kama alivyomsimulia kila mtu aliyefanya kosa la kusubiri.

"Hapa palikuwa na maghala tu, mwanangu. Makufuli makubwa kama kichwa cha mtoto. Wakaja wenye maduka ya nguo, wakaleta kufuli za shaba, hizo nilizipenda. Mwaka wa ghasia walivunja kila kitu mpaka kwenye mzunguko wa barabara, nikafunga vitasa vipya mtaa mzima, mke wangu ananiletea chakula huko huko juu ya ngazi. Barabara wameibadilisha jina, la mkubwa huyu, la mkubwa yule. Sasa hivi wana milango ya vioo, inafunguka yenyewe. Mlango unaomfungulia kila anayepita, huo nao ni mlango?"

"Ni mlango mvivu, mzee," alisema yule dada, akicheka.

"Haya, chukua ufunguo wako uwahi. Leo wanamwaga zege hapo nje."

Dada akaondoka. Mzee akauvuta mlango, akaufunga, akalalamikia vumbi. Fundi hakulitia jambo hilo maanani. Alibakiza funguo za duka la dawa, akataka azimalize aondoke bila deni la kazi ya mtu. Aliwasha mashine, na mashine ile ikinguruma hata bomu usingelisikia.

Alipoizima alivuta begi, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, mimi naenda."

"Nenda," alisema mzee, akiangalia ukutani.

Fundi alizungusha kitasa, akasukuma. Mlango haukutikisika. Akaweka begi chini, akausukuma kwa bega. Ni hapo alipoona kwamba ule mwanga uliozoea kupenya chini ya mlango haupo. Akaenda dirishani, akachungulia katikati ya nondo. Barabara ya waenda kwa miguu ilikuwa imevimba kwa zege bichi, laini, la kijivu, limeusukuma mlango toka nje na kupanda vidole kadhaa juu ya ncha yake ya chini. Msimamizi wa kazi alikuwa anapita na ubao wa kusawazishia.

"Kaka, umetufungia ndani."

Msimamizi aliinama kuchungulia dirishani, kwa sababu dirisha nalo lilikuwa limebaki huko chini pamoja na wenye duka. "Nimewafungia vipi? Jana nilimuuliza mzee kuhusu huo mlango. Akaniambia nimwage tu, mnatokea nyuma."

"Nyuma kuna ukuta wa benki."

"Mimi ukuta nitaujulia wapi? Tulieni humo mpaka kesho, likauke. Mkilivuruga, mtalijenga wenyewe."

Fundi akageuka polepole. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na chini ya hasira palikuwa na kitu kibaya zaidi, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imepata nafuu. Si yeye aliyeshindwa kwenda. Mlango umekataa. Aliichukia nafuu ile kuliko alivyomchukia baba yake.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Na begi uliliona tangu jana, nyumbani."

"Nyumba yenyewe ina vyumba viwili, mwanangu. Ningeacha vipi kuliona?" Mzee alisugua magoti yake. "Nilitaka siku moja tu. Nilifikiri tukikaa humu siku nzima, utapata la kuniambia, au mimi nitapata la kukwambia. Sasa nimekaa hapa natafuta, silipati."

Fundi alitoa drili ya kutobolea vitasa, akatoboa mlango sawasawa na usawa wa zege, akapitisha msumeno mwembamba, akaanza kukata. Unga wa mbao ulimwagika juu ya kizingiti. Mzee alitazama kwa muda, mdomo ukimcheza, mpaka akashindwa kujizuia.

"Usiukandamize. Utavunja meno ya msumeno."

"Nyamaza, baba."

"Nanyamaza. Lakini inua kiwiko."

Fundi akainua kiwiko, na msumeno ukaenda vizuri zaidi, jambo lililozidi kumuudhi. Alipofika mwisho, kipande cha chini kilibaki kimezama kwenye zege kama jino, na mlango wenyewe, mfupi kuliko ulivyowahi kuwa, ukafunguka. Alirusha begi begani, akapanda kizingiti, akakanyaga. Zege lilimmeza mpaka juu ya soli. Msimamizi akapiga kelele kutoka ng'ambo, akamtaja mama yake. Fundi aliendelea kutembea. Jua lilimpiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke alijisikia mwepesi.

Akasubiri aitwe. Hakuitwa. Kama mzee angemwita, angekaza shingo aende, na leo angekuwa kwa mkewe. Ukimya ndio uliomgeuza.

Kutoka pale juu aliona duka lao jinsi wapita njia walivyoliona. Lilikuwa shimo. Mzee alikuwa amesimama ndani yake, kichwa na mabega tu, ameshika fremu kwa mikono miwili na kuinua mguu atafute barabara. Mguu haukufika. Akajaribu mwingine. Alipojua kuwa anatazamwa aliuteremsha, akajifanya anapangusa unga wa mbao.

Fundi akarudi. Alijiambia anarudi kumtoa tu, amkalishe juu barabarani, asimamishe bodaboda impeleke nyumbani. Alishuka, akampitishia mikono kwapani, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Usinitoe," mzee alisema, mdomo wake karibu na sikio la mwanawe. "Nikitoka leo, kesho nani atanishusha?"

Fundi alisimama vile vile, amemkumbatia baba yake kwa mara ya kwanza tangu utotoni, asijue amweke wapi. Mwishowe akamrudisha kitini. Nitamtengenezea ngazi, aliwaza. Ngazi ndogo tu ya mbao, aweze kupanda na kushuka mwenyewe, halafu niende. Akatafuta ubao. Akapima, akakata, akapigilia misumari. Mzee akamwambia hatua ya kwanza ni ndefu mno, na kweli ilikuwa ndefu mno, akaibomoa, akaanza upya. Simu ilipolia alikuwa ameshika misumari mdomoni, ikabidi aitoe kwanza.

"Uko wapi?" mkewe aliuliza. Nyuma yake zilisikika kelele za stendi na sauti ya binti yao akiuliza basi lipi.

"Niko dukani. Namalizia ngazi ya mzee, nikitoka hapa..."

"Haya," alisema mkewe, na simu ikakatika.

Msimamizi alipokuja jioni na mwiko wake kusawazisha nyayo, zege lilikuwa limeshashika. Mpaka leo nyayo zile zipo mbele ya duka, za kwenda na za kurudi, na wanaokuja kuchongesha funguo huzikanyaga kabla ya kushuka ngazi. Mzee Komeo huwasimulia barabara yote: maghala, shaba, ghasia, vioo. Wakimuuliza zile nyayo ni za nini, hujikohoza kwanza.

"Hapo kuna mtu alisahau kitu ndani," husema, "akarudi kukichukua."

Fundi husikia. Huwasha mashine, hata kama hana ufunguo wa kuchonga.