Kahaso Rai Yupo

"Kwani Kahaso ana pacha?" Syovata alimwuliza jirani yake Mbodze, akiwa amesimama upande wake wa ua na beseni la nguo kiunoni.

Mbodze hakuacha kazi. Alikuwa ameketi chini anashona makuti ya kuezekea hoteli za Diani, ufito mapajani, na kando yake binti yake Kahaso, mtoto wa miaka tisa, akimchagulia majani mazima. Kahaso hakuwa akitembea. Homa ilimpoozesha miguu kabla hajaota meno yote, na sasa alijivuta kwa mikono, viganja amevivisha ndara ili changarawe zisimchune.

"Pacha wa wapi, mwenzangu? Mmoja huyu mgongo wangu unamjua."

"Basi pana jambo. Binti yangu asema mwalimu akisoma rejista huita Kahaso Rai, na darasa zima huitikia 'yupo'. Nikamwambia asinizulie uongo. Asema walifundishwa hivyo, na anayenyamaza huchapwa."

Mbodze aliuma kamba ya miyaa ikakatika. Akaitema.

"Tena kesho kuna mkaguzi," Syovata akaongeza. "Wameambiwa waende wameoga."

Shule yenyewe ilikuwa ya wafadhili, kando ya barabara ya Msambweni, na watu waliiita ya mabati mekundu. Kijiji kiliitoa ardhi kwa sharti lililosomwa barazani watu wote wakasikia: isimkatae mtoto yeyote, na mlemavu awe wa kwanza kupokewa. Marehemu Rai, mume wa Mbodze, alirudi nyumbani kutoka baraza hiyo akachukua shoka, akakata mikorosho yake sita iliyokuwa ndani ya mpaka uliopimwa. Hakulipwa wala hakudai. Alisema binti yake atakaa palipokuwa na mikorosho.

Hakuiona siku hiyo. Mwezi wa Januari, mwaka uliofuata mvua za El Niño, Mbodze alimpeleka Kahaso peke yake. Alipokewa kwa makofi. Walimweka juu ya mteremko wa saruji uliojengewa viti vya magurudumu, wakampiga picha akicheka. Alisoma siku tisa. Siku ya kumi Mwalimu Mkuu, Bwana Gerishom, alisema mtoto hawezi kwenda chooni mwenyewe na wenzake wanalalamika harufu. Basi akangoje nyumbani, mwalimu wa watoto kama yeye yuaja kutoka Mombasa. Sasa ulikuwa mwezi wa Septemba.

Asubuhi Mbodze aliomba dua yake, akamfunga Kahaso mgongoni kwa leso, akaenda. Alisimama chini ya dirisha la darasa la kwanza. Ndani mwalimu alikuwa akisoma majina kwa haraka, kama mtu anayehesabu nazi.

"Kahaso Rai."

"Yupo," walijibu wote pamoja.

Na nyuma ya shingo yake Mbodze alisikia pumzi ya moto, na sauti ndogo: "Nipo."

Alikwenda ofisini moja kwa moja. Akakalishwa kwenye benchi la nje mpaka watoto walipomaliza kula mchana. Gerishom alipotoka alikuwa na sweta jekundu la shule mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mvalishe hili. Mgeni amesikia uko hapa, anataka kumwona mtoto. Na wewe mama, usiongee sana."

Mgeni aliyewangoja ndani alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Winrose, mkaguzi kutoka ofisi ya wafadhili. Alifungua faili. Mbodze aliiona ile picha ya mteremko, imebanwa ukurasa wa kwanza.

"Kumbe ndiye huyu. Amekua." Winrose alishusha kidole kwenye karatasi. "Hapa naona amekosa siku tatu tu mwaka mzima. Hizo tatu alikuwa wapi?"

"Alikuwa nyumbani," Mbodze alisema. "Na zile nyingine pia."

Gerishom alicheka. "Huyu mama ni mjane, madam. Ana mawazo mengi."

"Mawazo ninayo, na masikio ninayo. Leo asubuhi wamemwitikia yupo, naye yuko mgongoni mwangu nje."

Winrose alifunika kalamu yake. Hakumtazama Gerishom, na Mbodze akajua hapo kwamba hili halikuwa jambo geni kwake.

"Mama, sikiliza. Mimi nikiandika unayoyasema, shule hii inafungwa. Watoto mia tatu. Utawaambia nini wenzako kijijini?"

"Sikuomba ifungwe. Nimeomba dawati."

"Dawati si shida. Shida ni choo. Nani atambeba?"

"Mimi. Nitakaa nje ya mlango nishone makuti yangu. Akihitaji ataniita."

"Wageni waje kutoka ng'ambo wakute mama anashona makuti mlangoni pa darasa?" Gerishom aliuliza. "Hii ni shule, mama, si soko la Ukunda."

"Baba yake alikata mikorosho sita hapa. Pale ulipoweka kabati palikuwa na mmoja."

"Hakuna aliyemwambia akate. Alijitolea."

Kahaso alikuwa sakafuni, sweta limemfika magotini, ndara bado mikononi. Alikuwa akisoma herufi za bango ukutani kwa midomo tu, bila sauti. Alizipata katika zile siku tisa.

Winrose alitoa fomu. "Tuyamalize kwa amani. Hapa inasema mtoto anasomea nyumbani, na mwalimu atakuwa akimtembelea. Weka kidole gumba hapa chini."

"Najua kusoma."

Aliisoma yote, polepole, Gerishom akigonga meza kwa ufunguo wa pikipiki yake. Alipofika mwisho alirudi juu.

"Imeandikwa ni mimi niliyeomba atolewe darasani."

"Ni lugha ya ofisi hiyo."

"Mwalimu atakayekuja nyumbani anaitwa nani?"

"Bado hajaajiriwa."

"Na jina la Kahaso? Asubuhi litaitwa?"

Wale wawili walitazamana kwa mara ya kwanza.

"Jina likibaki, nafasi yake inabaki," Winrose alisema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Ni kwa faida yake. Likitoka jina, fungu lake la wafadhili nalo linatoka, na hata huyo mwalimu hataletwa. Wamo kumi na mmoja humu kwenye faili, yeye akiwemo, mama. Wazazi wa wale kumi wameshaweka kidole. Umebaki wewe."

Mbodze alizitazama zile karatasi kumi zilizobanwa pamoja ndani ya faili, kila moja na doa lake la wino wa zambarau. Kisha akainama. Alimvua Kahaso sweta, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akalikunja vizuri kama nguo ya dukani na kuliweka juu ya fomu. Akampandisha mtoto mgongoni, akakaza leso.

"Ukitoka hapo bila kutia kidole," Gerishom alisema, "usirudi kesho kutuomba chochote."

Mbodze alitoka.

Alishuka kwa ule mteremko. Pikipiki ya mwalimu mkuu ilikuwa imeegeshwa katikati yake, akajibana ubavuni, saruji ikamkwangua kiwiko. Kengele ya alasiri ilikuwa imeshalia. Kwenye darasa la kwanza mwalimu alianza tena majina, yale yale, kwa haraka ile ile.

"Kahaso Rai."

Mbodze aliuhisi mdomo wa mwanawe ukifunguka shingoni mwake, kisha ukafungwa.

"Yupo," waliitikia watoto.

Mbodze akapita langoni na kushika njia.