Jibu Lililotangulia Bahasha

Jumatatu, tarehe kumi na moja Machi. Manyunyu yalianza alfajiri, yale yasiyomlowesha mtu mara moja bali humwingia taratibu mpaka mifupani. Mwenye maabara alipofika kazini alikuta benchi la wagonjwa limejaa watu wanaokung'uta miamvuli.

Walimwita Mama Muhuri, na jina hilo alilipenda. Kila jibu la kipimo lilitoka mikononi mwake likiwa ndani ya bahasha iliyobanwa kwa gundi na kugongwa muhuri mwekundu juu ya mdomo wake. Kisha aliweka kiganja juu ya bahasha na kuomba kimoyomoyo: "Ee Mungu, neno hili limfikie mwenyewe."

Hata kiti hakijapata joto, mwalimu wa chekechea akaingia bila hodi. Alikuwa amepimwa damu Ijumaa, akachukua bahasha yake Jumamosi. Sasa aliiweka mezani. Muhuri ulikuwa mzima na gundi haijaguswa.

"Mama, humo ndani imeandikwa nina mimba, wiki ya saba," alisema. "Fungua uone kama nimekosea."

Mama Muhuri hakuwa na haja ya kufungua. Alimpima yeye mwenyewe.

"Umejuaje?"

"Nimepewa hongera na watu wa saluni, hapo kwa jirani yako. Kabla sijafika nyumbani, mume wangu alikuwa ameshapigiwa simu na watu watatu. Miaka tisa tumesubiri, mama. Nilitaka tuifungue pamoja baada ya sala. Hata maneno nilikuwa nimeshayapanga." Akaisukuma bahasha mbele. "Sina aibu ya kuficha. Lakini furaha yangu mmeionja kabla yangu."

Maabara ile ilikuwa ya watu wawili tu. Mama Muhuri alipima damu katika chumba cha nyuma, na mdogo wake wa tumbo moja alikaa mbele, akipokea wagonjwa na kuchapa majibu ambayo dada yake aliyafunga. Mama Muhuri akageuka kumtazama.

"Dada, usiniangalie hivyo."

"Nikuangalieje? Humu tuko wawili. Mimi sijasema."

"Na mimi sijasema!"

"Wewe kila Jumamosi unasukwa hapo saluni."

"Nasukwa nywele, sisukwi ulimi!"

Mtu mmoja pale kwenye benchi alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Mama Muhuri. "Vua koti. Ukakae nyumbani mpaka nijue la kufanya."

Mdogo wake alivua koti jeupe, akalikunja polepole. "Mama yetu alituachia wewe mkubwa ili utuulize kwanza," alisema. "Wewe umeanza na hukumu." Kisha, badala ya kuondoka, akaenda kukaa benchini pamoja na wagonjwa.

Mlangoni alikuwa amesimama fundi wa mitandao, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, aliyeitwa asubuhi hiyo kutengeneza printa. Alikuwa amesikia yote. Mwaka uliopita ndiye aliyemshauri Mama Muhuri aweke usimbaji fiche wa kulinda majibu kwenye kompyuta zake, akajibiwa: "Bahasha zangu zina muhuri, bibie. Hayo waachie mabenki."

"Kabla hujamfukuza mtu," alisema fundi, "hebu niambie, jibu linatokaje kwako mpaka kwake?"

"Kwa mtandao. Zamani tulipita na karatasi hapa ukumbini, watu wakawa wanachungulia. Nikaweka kompyuta mbili, miaka mitatu sasa, ili yasionekane."

"Na huo mtandao ni wenu peke yenu?"

"Tunatumia mmoja na saluni."

"Ambao nywila yake imebandikwa kwenye kioo chao, chini ya picha za mitindo ya nywele. Sawa. Nipe dakika tano, kisha andika jibu la uongo ulitume huku mbele. Usimwambie mtu umeandika nini."

Alichukua kompyuta yake ya mkononi, akatoka kuelekea kwa jirani. Mama Muhuri alikwenda chumba cha nyuma. Aliandika, akatuma. Kabla hajanyanyuka, sauti ya fundi ilipenya ukutani:

"Mgonjwa, paka wa jirani! Ugonjwa, uvivu uliokomaa! Apewe pole!"

Saluni nzima iliangua kicheko, na benchi likafuatia. Watu watatu tu hawakucheka: mwalimu, mdogo mtu, na mwenye maabara mwenyewe.

Mama Muhuri alikaa akiitazama kompyuta. Ni hatua kumi na mbili kutoka hapo hadi mezani kwa mdogo wake, na katika hatua hizo siri za watu zilikuwa zikipita uchi. Alikuwa akifunga bahasha baada ya neno kuondoka. Miaka mitatu alimwomba Mungu alinde mlango wa mbele, huku wa nyuma ameuacha wazi kwa mkono wake. Mungu hakuwa amelala. Aliyelala ni yeye, tena mwaka jana aliamshwa, akageukia upande wa pili.

Fundi alirudi amebadilika uso. "Nimeuliza. Jumamosi kulikuwa na mtengeneza simu anamngoja mkewe asukwe. Ana programu ya kusoma yanayopita mtandaoni, akawa anaichezea. Jibu la mwalimu likapita, akalisoma kwa sauti kama gazeti."

"Na huo usimbaji ungefanya nini?" Mama Muhuri aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jibu lingevurugwa kabla halijatoka kwenye kompyuta yako, likawa herufi zisizo na kichwa wala miguu. Kompyuta ya mbele pekee ndiyo ingekuwa na ufunguo wa kulirudisha. Yule bwana angeliona linapita, lakini angeambulia takataka."

"Hata kwa biashara ndogo kama hii?"

"Benki ikiibiwa pesa za mtu, itamrudishia. Wewe utamrudishia nini mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameinamia viganja vyake.

Mama Muhuri alikwenda mpaka kwenye benchi. "Mdogo wangu, nisamehe. Rudi kazini."

"Umenihukumu mbele ya watu, Dada," alijibu yule bila kuinua macho. "Unaniomba radhi sikioni?"

Neno hilo lilikuwa la haki. Mama Muhuri alisimama katikati ya ukumbi.

"Nyote mmenisikia nikimshtaki mdogo wangu," alisema kwa sauti. "Sasa nisikieni tena. Hakusema neno. Aliyetoa siri ya mwalimu ni mimi, kwa sababu nilionywa nikapuuza. Mwalimu, sina cha kukurudishia, na sitajifanya ninacho. Lakini naahidi mbele ya Mungu, mbele yako na mbele ya hawa wote: kuanzia sasa kompyuta hizi hazitatuma jibu la mtu yeyote mpaka fundi azifunge kwa usimbaji, na mimi mwenyewe niende kwa jirani nihakikishe halisomeki. Mpaka hapo nitaandika kwa mkono, na nitampelekea kila mtu jibu lake kwa miguu yangu, mvua inyeshe isinyeshe. Na siku nikirudia uzembe huu, mdogo wangu atafunga mlango huu, nami sitamuuliza kwa nini."