Theluji ya Ukata

Meja mstaafu Urbani alirudi kijijini kwao Ukata na mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji. Akiwa mafunzoni Ulaya alishindana nazo, akawa wa hamsini na tisa kati ya sitini. Mama yake, Otilia, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, alitaka kuiona theluji kabla giza halijamfunika.

Asubuhi moja mibuni yote ikachanua. Urbani akamshika mama yake mkono, wakapanda hadi juu ya mteremko.

"Ilikuwa hivi, mama. Nyeupe mpaka bondeni."

"Na ilinukia hivi?"

"Haikuwa na harufu."

"Ulianguka?"

"Mara mbili."

"Mmatengo, aanguke mlimani! Ungechimba ngoro kwanza, mwanangu, kama shambani, mashimo yakushike."

Otilia akacheka, akaendelea kutazama mpaka jua likapanda.

"Basi," akasema, "nimeiona."