Masi Iliyobanwa Juu ya Rangi

— Masi ulifunga wapi, Protais? Jibu mbele ya watu.

— Nilishasema, Mama Irakoze. Kwenye ukingo wa boneti.

— Juu ya rangi?

— Juu ya rangi.

— Basi hapa hautakula.

Consolate, mama wa Irakoze, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Sisi majirani wa Rugenge tulijaa uani, sahani za bugari na ndagala magotini, na hakuna aliyetafuna. Siku ya kuondoa matanga, anayenyimwa chakula na mjane ndiye ameua. Haihitaji tribinali wala hakimu. Protais, aliyefunga fonia, zile redio za kuitana, kwenye nusu ya magari ya mji huu, alibaki nje ya uzio na kofia mkononi. Akiondoka na njaa, hakuna atakayempa tena kufunga hata taa ya baiskeli.

Mimi nilitazama bugari yangu. Maana aliyekuwa kwenye fonia ya kituo cha afya siku ile ni mimi. Habonimana, mume wa Consolate, alikwenda tambarare ya Ruzizi na gari la wagonjwa kumchukua mama mwenye uchungu. Saa nane mchana nikasikia tik, kisha kimya. Masi ni ule waya unaofunga fonia kwenye chuma kitupu cha gari. Ikilegea, fonia inasikia lakini haisemi. Ukibonyeza useme, inazimika. Nikaita, "Habo, uko wapi?" Tik. "Habo, jibu." Tik. Alikuwa ananisikia vizuri kabisa. Tulimpata siku ya tatu, damu imemwisha, kando ya gari. Risasi ilikuwa ya mguu tu.

— Hata mwanafunzi anajua, Consolate akaendelea. Unakwangua rangi mpaka chuma king'ae, unakaza na buloni. Weye ulibana na kibanio kama mwenye kuanika kaptula.

— Ilitakiwa itoke haraka. Antena na masi, vyote kwa mkono mmoja, mbele ya bariyeri.

Hapo hakuna aliyebisha. Mwaka ule gari lenye antena halikuvuka bariyeri. Askari walilichukua likawa la komanda wao, na dereva hakurudi kusimulia.

— Nani alitaka hivyo? mzee Nkeshimana akauliza toka kwenye benchi. Habonimana mwenyewe?

Protais akaizungusha kofia yake.

— Sikumbuki, mzee.

Anakumbuka. Ilikuwa kwangu, ambako watu hawakatiki, Protais na pombe yake ya kasiksi mkononi. Consolate akaingia karibu kupiga magoti: ifunge ile kitu itoke upesi, wasiniulie bwana. Protais akakataa mara mbili, akasema masi haibanwi. Mara ya tatu nikaingilia mimi: "Umusaidie, mama wa watu." Habari zote za mtaa huu nazibeba mimi, ile nilikuwa nimeikalia tangu mazishi.

Protais akavaa kofia, akageuka.

— Unakwenda wapi? Consolate akamwuliza. Unakwenda waseme ni weye?

— Wacha waseme, Mama Irakoze. Weye uko na watoto.

Consolate akatugeukia, na uso wake haukulainika hata kidogo.

— Ni minye nilimutuma, akatuambia sisi wenye sahani. Alikataa, nikamulazimisha. Muende na habari hiyo kwenu.

Kisha akasogea kando, akaacha mlango wazi.

— Ingia, Protais. Utakula na minye, sahani moja.