Vichaka Vilivyofungwa Vitambaa

Alipoliona shimo la kwanza, Mama Magugu alidhani nguruwe pori amepita. Alipoliona la pili akatua kikapu. Kingo zake zilikuwa zimechongwa kwa sururu, na nguruwe pori hana sururu. Akaupanda mwamba upesi kuliko magoti yake yalivyopenda, akautazama mteremko mzima. Kila mahali palipokuwa na kichaka wiki iliyopita, sasa palikuwa na tundu jekundu, na udongo umetapakaa juu ya mawe kama matapishi.

Alikaa juu ya jiwe, na mtu mmoja tu akamjia akilini. Shemeji yake. Nani mwingine aliyeijua njia ya kufika hapa kwa pikapu, kama si yule aliyeonyeshwa na yeye mwenyewe?

Jina la Mama Magugu alipewa na majirani, mwaka ule alipong'oa maua yote ya kuletwa mbele ya nyumba yake akaanza kupanda vitu ambavyo wenzake walivifyeka. Walimuuliza kama anataka kufuga nyoka. Mmoja alimletea panga, akidhani lake limepotea. Naye aliendelea tu. Aliokota mbegu kando ya reli, kwenye makaburi ya zamani, kwenye kingo za mito ambako jembe halijafika, akaziotesha kwenye viriba vya miche nyuma ya nyumba. Kiangazi kilipokuja na maua ya majirani yakakauka huku mpira wa maji ukitiririka mchana kutwa, ua wake ulijaa nyuki na vipepeo, na hakuwa ameumwagilia hata kopo moja. Hapo wengine wakaanza kuomba miche, kwa aibu kidogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemsengenya.

Katika mimea yote hiyo, mmoja ulikuwa haujamkubali. Ni mshikamawe, kichaka cha kimo cha mtu, kinachoota kwenye nyufa za miamba na kukumbatia jiwe kwa mizizi kana kwamba kimeahidiwa kitu humo ndani. Zamani ulijaa kwenye vilima vyote vilivyozunguka mji. Siku hizi vilima hivyo vilikuwa machimbo ya kokoto. Mama Magugu alivitembea vyote kwa miguu yake, na mteremko huu tu ndio aliokuta umebaki na mishikamawe mikubwa, kumi na tisa. Vipandikizi alivijaribu miaka minne mfululizo, havikushika hata kimoja. Ilibaki mbegu, nayo mbegu hukomaa mara moja kwa mwaka, maganda yakapasuka kwa joto la mchana, na usipokuwepo wiki hiyo umewaachia sisimizi. Kisha uikwangue kwa msasa, uiloweke, uisie kwenye mchanga mkavu, na uombe. Mbegu za mwaka jana zilioza kwa sababu alizimwagilia kwa huruma mno. Mwaka huu alikuwa amejifunza. Ndiyo maana leo alikuja na kikapu, kuangalia maganda yamefikia wapi.

Ili asije mtu akaikata mishikamawe hiyo kwa kuni, alikuwa ameirarulia shuka kuukuu jekundu na kuifunga vitambaa, kichaka kimoja kitambaa kimoja. Wachunga mbuzi walielewa. Waokota kuni walielewa. Kwa miaka sita hakuna aliyevunja hata kijiti.

Kisha akaja shemeji.

Mume wa mdogo wake alikuwa fundi wa bustani, na watu walimwita Chapuchapu kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuiita ngumu wala ndefu. Miezi mitatu nyuma daktari mmoja alikuwa amemaliza kujenga zahanati, akamwambia hataki nyasi za kumwagilia wala maua ya mbali. Anataka mimea ya hapa hapa, iliyozaliwa na udongo huu. Chapuchapu akasema ndiyo kabla hajajua ni mimea gani. Alipokuja kumuuliza Mama Magugu, mama wa watu alifurahi mpaka macho yakamlenga machozi. Aliona mwanzo wa jambo: zahanati leo, shule kesho, keshokutwa mji mzima. Alimwambia miche ya aina nyingine ipo, achukue, ila mshikamawe asubiri miaka miwili au mitatu. Akampandisha mlimani ili aone jinsi mimea hii inavyosimama, bila samadi, bila mistari, kila mmoja kwenye ufa wake. Shemeji akauliza vile vitambaa ni vya nini.

"Yenye kitambaa ndiyo mama," alimjibu. "Hakuna bora kuliko hiyo."

Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake. Alipokuwa akishuka mlima sasa, kikapu chenye mkasi wa kupogolea tu kikimpiga pajani, aliyarudia kimoyomoyo mpaka yakawa matusi.

Zahanati ilikuwa imepakwa rangi mpya, harufu yake ikifika mpaka barabarani. Kwenye uwanja wa mbele aliikuta yote kumi na tisa. Ilikuwa imepangwa mistari miwili iliyonyooka, mifupi mbele na mirefu nyuma, kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Mashina yalipakwa chokaa hadi magotini. Kila shina lilirundikiwa samadi, na mtu alikuwa akipita na mpira wa maji akijaza mabeseni yaliyochimbwa kulizunguka, mimea ambayo maisha yake yote ilikunywa umande na mvua iliyopita juu ya jiwe. Majani yalikuwa yameanza kukunjamana. Na vitambaa vilikuwa bado vimefungwa.

Alimwomba yule kibarua afunge maji. Kibarua, mtu mzima mwenye adabu zake, akafunga, akamwamkia, akamweleza kwa fahari kwamba kazi ilifanyika vizuri, maana bosi aliwaambia wachukue yenye kitambaa tu, wasikosee.

Mama Magugu alikishika kitambaa kilichokuwa karibu naye.

Chapuchapu akatokea nyuma ya jengo na toroli, akamwona, akatabasamu kama mtu aliyeandaa zawadi. Alimwambia atazame jinsi inavyopendeza. Alimwambia daktari amefurahi, uzinduzi ni Jumamosi, wageni watapita hapa hapa.

"Shemeji, mbona umenuna? Mimi nimekuletea soko, wewe unaniletea matanga."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Ya porini? Porini kuna mwenyewe?" Akacheka, akamtazama kibarua amuunge mkono. "Kwani tumeiba? Tumeihamisha tu. Ilikuwa inakaa na mbuzi, sasa inakaa na daktari."

"Umeikata mizizi."

"Mizizi itaota. Mwagilia maji, tia samadi. Mimi kazi hii nimeifanya tangu sijaoa kwenu." Kisha akashusha sauti, akawa kama anambembeleza mtoto. "Sikiliza. Inatakiwa iwe kijani mpaka Jumamosi. Jumamosi ikipita, itakayokufa tutapanda mingine."

"Mingine kutoka wapi?"

Macho ya Chapuchapu, bila yeye kuyatuma, yakaenda kule kilimani. Kisha yakarudi chini.

Hapo ndipo hasira za Mama Magugu zilipoacha kuchemka zikawa kitu kigumu, baridi, cha kushikika. Aliinama kwenye kichaka cha karibu, akachuma ganda moja, akalipasua kwa kucha. Ndani yake mbegu zilikuwa nyeupe, laini kama maziwa yaliyoganda. Zilihitaji wiki nne nyingine, na kichaka hiki hakikuwa na wiki nne. Kilikuwa na majani mengi, maganda mengi, na mizizi iliyobaki vipande. Kilikuwa kinajinyonya chenyewe ili kulisha watoto ambao hawangezaliwa. Alijua la kufanya, na alichukia kulijua. Kama kulikuwa na namna ya kuuokoa mmea huo, ni kuupogoa wote, majani, maua, maganda, ubaki kisiki cha kimo cha goti, upumzike, uamue wenyewe kuishi au kufa. Mbegu za mwaka mzima zingeenda na matawi. Na ilibidi iwe leo. Kila saa ya jua ilikuwa inakausha kilichobaki.

Akaenda kumwona daktari ofisini, akamweleza yote, bila kumficha kwamba aliyewaonyesha njia ni yeye. Daktari alikuwa mama mpole mwenye mafaili hadi kidevuni. Alishtuka kweli; alisema hakuagiza mtu ang'oe kitu mlimani, alidhani mimea hiyo imetoka kitaluni. Akauliza kama upogoaji hauwezi kusubiri hadi Jumapili. Kadi za mwaliko zilishatoka. Wageni wangekuta nini mlangoni, visiki?

"Daktari, mgonjwa akiletwa hapa anavuja damu, utamwambia asubiri wageni waondoke?"

Daktari aligeuza kalamu mara mbili mezani, akatazama nje dirishani, akaendelea kutazama. Mama Magugu alingoja ndiyo, akangoja hapana. Lilipokosekana lolote, akatoka.

Nje alimkuta mdogo wake. Chapuchapu alikuwa amempigia simu, naye alikuja mbio, kiatu kimoja hakijafungwa. Huyu ndiye mdogo wake wa pekee, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyembeba mgongoni kwenda naye kuokota mbegu za kwanza. Alimshika dada yake mikono yote miwili. Alisema mume wake alikosea, sawa, lakini alikosea akitafuta riziki. Kazi hii ikiharibika mbele ya watu hakuna atakayempa nyingine.

"Siku tatu tu, dada. Nakuomba. Nimewahi kukuomba nini?"

Hilo lilimchoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Alimtazama usoni. Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Watu wote walikuwa wema, kila mmoja akiomba kitu kidogo, siku tatu, Jumapili, na kwa wema huo huo vilima vyote vya mji vilikuwa vimekwisha kimoja kimoja.

"Mdogo wangu, ungeniomba figo ningekupa," alisema. "Hii si yangu."

Akatoa mkasi wa kupogolea kikapuni, akaanza na kichaka kirefu zaidi.

Sauti ya tawi la kwanza ilikuwa ndogo, kama kuvunjika kwa kijiti cha kiberiti. La pili likafuata. Chapuchapu alikuja akamkamata kiwiko, na kwa muda walisimama hivyo, shemeji na shemeji, mkasi katikati yao ukiwa wazi. Mama Magugu alimwambia asimguse. Alilisema polepole, na kibarua aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akasimama. Chapuchapu akamwachia. Alitupa toroli chini, akasema mbele ya wote kwamba tangu leo hamjui, akaingia kwenye pikapu akaondoka, na mke wake akabaki amesimama katikati ya uwanja akilia bila kujifunika uso.

Mama Magugu alipogoa mpaka jua likageuka. Maganda mabichi yalidondoka kwenye viatu vyake, na kila yalipodondoka alijilaani na kumlaani shemeji yake. Kibarua alikuja bila kuitwa, akaanza kuzoa samadi kutoka kwenye mashina na kubomoa yale mabeseni ili maji yatoke. Mdogo mtu aliondoka wakati fulani. Dada yake hakumwona akienda.

Jumamosi wageni walivikuta visiki kumi na tisa vyenye chokaa, na mwanamke mmoja amekaa pembeni akivijengea kivuli cha magunia. Waliouliza aliwajibu. Aliwaambia vichaka vilitoka kilima gani na kwamba kilichobaki kule ni mashimo, kwamba aliyevileta ni shemeji yake na aliyemfundisha njia ni yeye. Wengine walitikisa vichwa na kwenda kunywa soda. Wachache walibaki wakasikiliza. Alisema maneno yale yale kwa kila mmoja, hakupunguza makali, na daktari, aliyekuwa akipita na wageni wake wakubwa, hakumwambia aondoke.

Wiki ya sita, visiki saba vilichipua. Vichipukizi vidogo, vyekundu nchani, vimetoka chini kabisa karibu na udongo. Mama Magugu alivihesabu akiwa amepiga magoti, akavihesabu tena. Visiki hivyo saba sasa ndivyo mama. Ili kuokota mbegu zake, kama zingekuja miaka miwili ijayo, ingebidi apite getini na kuandika jina kwenye daftari la mlinzi.

Chapuchapu alikuja siku hiyo hiyo. Mke wake alikuwa amemtuma kutafuta suluhu. Alisimama mikono mfukoni, akavitazama visiki, na uso wake ukachangamka.

"Si unaona, shemeji? Imechipua. Tuligombana bure."

Mama Magugu alisimama. Akaenda kwenye kisiki cha mstari wa nyuma, kile kirefu kuliko vyote hapo awali, akakivuta kwa mkono mmoja. Kilitoka bila kubisha. Mzizi wake ulikuwa mweusi, laini, unavuja maji. Akamwambia atoe mikono mfukoni, akamwekea viganjani.

"Nusa."

Chapuchapu alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona si utani, akanusa. Harufu ikampanda, akageuza uso, na mama wa watu akakirudisha kisiki mbele ya pua yake.

"Bado kumi na kimoja," alisema. "Tutavinusa vyote."

Na wakavinusa, kimoja kimoja, jua likiwa utosini, mpaka mwisho wa mistari yote miwili.