Kichupa cha Dirishani

Kichupa kilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, kidogo kama ncha ya kidole gumba, na jua la saa saba lilikuwa limekipiga mpaka matone yaliyobaki ndani yakang'aa kama jicho la paka. Nilikiona nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi, kile cha tatu. Asubuhi nilikuwa nimezima friza ya maabara ili nikwangue barafu, nikavihamishia vichupa vyote kwenye ndoo ya barafu. Vyote, kasoro hicho. Nikakirudisha upesi mahali pake, nikafuta maji sakafuni. Hakuna aliyeniona.

Nimeosha vyombo vya maabara ile ya chuo, hapa Addis Ababa, miaka kumi na mmoja, mimi niliyeishia darasa la sita. Biruk, mtafiti wetu, ndiye aliyenieleza kilichomo mle. Ni kingamwili, imetoka kwenye damu ya sungura, na kazi yake ni kutafuta protini moja tu ya binadamu, ile inayojazana kwenye baadhi ya saratani za titi. Ikiikuta inaing'ang'ania, na kipande cha nyama juu ya kioo kinageuka kahawia. Isipoikuta, kinabaki cheupe.

"Ni mbwa wa polisi, mama Etagegn. Ananusa mtu mmoja tu."

"Na hali chakula?"

"Hali, habweki, hakuombi ruhusa ya kwenda msibani. Mpe baridi tu. Akipigwa jua, pua inakufa."

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu aseme sikujua.

Wiki tatu baadaye binti yangu Fregenet aliushika mkono wangu akauweka kwenye titi lake. Palikuwa na kitu kama punje ya njegere. Hospitali walikata kipande, wakanikabidhi ndani ya chupa nikipeleke mwenyewe kwenye chumba cha vipimo. Huko majibu yalikuwa ya wiki saba. Wiki saba! Nikapitia kwanza kwa Biruk.

"Mama, soma hapa," alisema, akinionyesha kibandiko cha kichupa. "Kwa utafiti tu. Si kwa kupima wagonjwa."

"Fregenet si mgonjwa. Ni mtoto wangu."

Akachukua kijisehemu chembamba, kilichobaki nikakifikisha hospitali. Siku ya tatu aliniita kwenye hadubini. Cheupe. Cheupe kama mkate wa injera wa sikukuu. Nikapiga vigelegele mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza nani anaolewa.

"Subiri, mama. Si kila uvimbe mbaya una protini hii. Kachukue majibu ya hospitali, unanisikia?"

"Nimekusikia."

Dirisha lilinijia kichwani. Nikalifukuza, kama unavyomfukuza kuku jikoni, na kama kuku likawa linarudi. Fregenet alikuwa na nafasi ya kusomea ualimu mjini Hawassa. Nikamwambia, nenda mwanangu, uko salama. Majibu ya hospitali sikuyafuata. Niliogopa karatasi ile isije ikanipokonya ule weupe.

Alirudi Januari, kwa sikukuu ya Timkat. Nilipomkumbatia, punje ya njegere ilikuwa yai.

Karatasi yetu ilikuwa bado kwenye droo ya hospitali, imekunjwa vizuri, tarehe yake ya miezi minne nyuma. Daktari aliisoma, kisha akatugeuzia tuione wenyewe: saratani, ile yenye protini.

Nilimwambia Biruk habari ya dirisha siku hiyo hiyo. Hakunifokea. Alichukua kipande cha uvimbe wa mtu mwingine, ulioshajulikana kuwa na protini ile, akakipima kwa tone la mwisho. Kikabaki cheupe. Akakaa juu ya ndoo yangu iliyofunikwa.

"Kipande hiki kilipaswa kupimwa sambamba na cha Fregenet, tujue kama pua bado iko hai," alisema. "Ndiyo sheria yetu. Niliyabania matone."

Fregenet alikatwa titi la kushoto. Anaishi. Nilimweleza nikiwa napika mchuzi wa shiro, kwa kuwa aliye jikoni ana mahali pa kuweka macho.

"Ulikiona kichupa, mama?"

"Nilikiona."

"Na Biruk alikwambia ukachukue karatasi?"

"Aliniambia."

Alivuta shuka lake jeupe kifuani. Nje jirani alikuwa akitwanga kahawa.

"Shiro inaungua," alisema.

Akina mama wenzangu, majibu yakiwa tayari, yachukueni. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, hata kama kazi itaondoka. Sina lingine la kuwafundisha.

Mwaka huu, siku ya kusafisha friza, Fregenet alinifuata maabara bila kualikwa. Akaweka kiti chake dirishani, mgongo kwenye jua, akawa anavihesabu vichupa kwa sauti vikiingia ndooni, na tena vikirudi.

"Arobaini na kimoja," alisema.

"Hesabu tena," nikamwambia.

Akahesabu tena.