Kikombe cha Mwenye Friji

Baba yangu alitengeneza mafriji ya mtaa mzima, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na friji letu. Ukimuuliza kwa nini, alikutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini hana mkia. "Friji la nini?" atakwambia. "Kwani haya yaliyojaa hapa huyaoni?" Tuliyaona sana. Yalikuwa ya watu.

Watu walimwita Fundi Baridi, na jina likamkaa. Ufundi wake ulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwa fundi mwingine. Msimu wa jua kali ukiingia, friji likishapona halikurudi kwa mwenyewe. Lilihamia sebuleni kwetu, likakaa wiki nzima linapimwa. "Huwezi kujua kama friji limepona," alimwambia mteja bila kupepesa macho, "mpaka lifunguliwe na kufungwa na watoto." Watoto alikuwa nao, mimi binti yake kitinda mimba na kaka yangu, na kazi hiyo hatukuifanya kwa ulegevu.

Wenzetu walikuwa wakienda likizo, sisi tulikuwa tukipima friji. Mama alikamua ndimu, akatia sukari bila ule uchoyo wake wa kila siku, akamimina juisi kwenye vikombe vitano vya bati. Ndani ya kila kikombe alitia kijiko cha chai. Vijiko vililala upande, kwa hiyo mimi na kaka tulikuwa na kazi ya kufungua mlango kila baada ya muda na kuvisimamisha juisi ikianza kuganda. Tulifungua mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tulifungua ili tuweke nyuso zetu pale mbele na kufumba macho.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, viti vilisukumwa ukutani. Sakafu ya saruji ilimwagiwa maji, pazia la mlangoni likachovywa kwenye ndoo na kurudishwa likichuruzika, na sote wanne tukajilaza chali sakafuni, Baba na fulana yake yenye matundu. Tulisugua vikombe kwa viganja mpaka barafu ikaachia, tukaishika kwa kijiko na kuilamba. Sheria ilikuwa moja, na aliitunga Mama: ukitaja joto, unamwagiwa kopo la maji. Mwanzoni tulijichunga. Kufika alasiri tulikuwa tunalitaja makusudi, na Mama mwenyewe ndiye aliyelitaja kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kila mtu alikuwa na kikombe chake. Cha Mama kilikuwa na mkono uliopinda. Cha tano kilichorwa ua jekundu, na hicho kilikuwa na mkosi. Kila friji liliporudi kwa mwenyewe juu ya mkokoteni, siku ya pili mwenyewe alitokea mlangoni na kikombe cha ua kimeoshwa, anacheka. "Fundi, watoto wako wamesahau hiki ndani." Baba alitugeukia na macho makali. "Nani kasahau?" Mimi nilimsingizia kaka, kaka alinisingizia mimi, na kuna mwaka tulishikana mashati kwa sababu ya kikombe hicho. Msimu uliofuata kilisahaulika tena. Nilikuwa nikiamini kabisa kwamba familia yetu ina kasoro kichwani.

Siku hizi Mama hayupo. Baba ameacha kazi, vidole vimekakamaa. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda barabarani, na ninaishi naye nyumba ileile. Kaka ni meneja katika mji mwingine, nyumba yake ina kiyoyozi mpaka jikoni. Jumatatu alinipigia simu.

"Kitinda, Jumamosi nakuja kumchukua Baba. Akae kwangu moja kwa moja."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mwaka jana alianguka hapo sebuleni kwa joto, akaokotwa na jirani. Mama alitutoka mimi niko mbali. Sitaki kupigiwa simu nyingine ya namna ile."

Ningekuwa na la kumjibu ningemjibu, maana mdomo sijanyimwa. Lakini alikuwa anasema kweli. Siku ile Baba alipoanguka nilikuwa kibandani nashona sare za shule.

Nilimpa Baba habari nikitegemea vurugu. Huyu ni mtu anayebishana hata na redio. Mtangazaji akisema leo kutakuwa na mawingu, Baba anatoka nje kumkanusha. Lakini safari hii alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaenda chumbani. Jioni nilikuta ameshapanga nguo zake kwenye begi, zimekunjwa vizuri, na begi amelisimamisha nyuma ya mlango.  Afadhali angetukana. Nilijua kwamba akitoka vile, kimyakimya, hatarudi tena, na nyumba ile itabaki na mimi na cherehani.

Ndipo nikakata shauri. Kaka hawezi kushindwa kwa maneno, kazi yake ni maneno. Nikasema nitamlaza sakafuni. Alale pale mchana mmoja, na kikombe mkononi, halafu aniambie machoni kwamba Baba hawezi kuishi hapa. Kilichokosekana ni friji.

Alhamisi nilikwenda kwa Shangazi wa Kona. Si shangazi yangu wa damu, ni mama mmoja mjane mwenye nyumba pale njia inapokata, na friji lake lilikuwa likipimwa kwetu karibu kila msimu. Nilimweleza mambo yote, nikamwomba anigandishie vikombe vyetu.

"Hapana," akasema.

Nilishangaa. "Shangazi, ni vikombe tu."

"Vikombe utagandisha kwenu. Chukua friji lote. Mwambie Fundi linanguruma usiku."

"Linanguruma kweli?"

Aliniangalia kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Mwanangu, friji hilo halijawahi kunguruma tangu linunuliwe. Unadhani mimi nilikuwa sijui yanayofanyika kwenu? Jua likianza kuwaka, mume wangu alikuwa ananiuliza, friji letu limeshaugua au bado?"

 Nyumbani kwetu tulikuwa tunaiba baridi ya watu miaka yote hiyo, kumbe wenyewe ndio waliokuwa wakituletea mlangoni.

Ijumaa asubuhi mkokoteni ulilifikisha. Baba alikuwa amekaa na mikono mapajani. Nikachomeka waya ukutani, na kabla sijabonyeza swichi alinguruma yeye.

"Weeee! Usiliwashe! Limetikiswa njia nzima, acha mafuta yatulie kwanza! Cherehani zimekula akili zako zote?"

Sijawahi kufurahia matusi namna ile. Alinyanyuka, akaligonga ubavuni, akainama kusikiliza kama daktari. "Anasema linanguruma?"

"Ndiyo, Baba."

"Mama yule muongo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikayaona meno yake. "Litapimwa."

Mchana tulikamua ndimu. Nilipomaliza kumimina nikagundua nimejaza vikombe vyote vitano, kwa mazoea, na cha mkono uliopinda nacho kimo. Nilinyoosha mkono nikitoe. Baba alikitazama, akakisogeza ndani na kufunga mlango.

Jumamosi kaka alifika adhuhuri, shati jeupe la mikono mirefu, viatu vinang'aa. Alikuta viti viko ukutani, pazia linachuruzika, na mimi na Baba tumelala chali sakafuni kama samaki sokoni. Friji lilimkodolea macho pembeni. Alisimama mlangoni, akafungua kifungo cha shingoni, akapuliza.

"Duh! Joto gani hili!"

 Kisha Baba akajiinua kwa mkono mmoja, akachota kopo kwenye ndoo, na yule mzee wa vidole vilivyokakamaa akammwagia bwana meneja maji ya kifua bila kukosea.

Kaka aliliangalia shati lake. Nikasema moyoni, basi, nimeharibu kila kitu. Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikadhani hasira, kumbe ni kicheko kinachotafuta njia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akavua viatu, akavua soksi, akajilaza kati yetu na suruali yake ya gharama kwenye maji.

Tukala barafu zetu. Hatukuzungumza la maana. Kaka alikumbuka jinsi nilivyogandisha ulimi kwenye bati nikalia na kikombe kinaning'inia. Mimi nilikumbuka jinsi alivyomtolea dada wa jirani barafu mpaka mlangoni, ikayeyuka yote mkononi akitafuta la kusema. Baba alikosoa hadithi zote mbili, akisema hatukuwepo. Kidogokidogo jua likahama kutoka kizingitini, na kaka akageuza shingo.

"Baba, wewe unataka kuja kwangu?"

"Sitaki," Baba akasema.

"Sasa mbona ulifunga begi?"

"Wewe ndiye mkubwa. Nikaona umeshaamua, na nikibisha utanuna njia nzima. Safari ndefu ile."

"Lakini mwaka jana ulianguka, Baba. Ukianguka tena?"

Baba alilamba kijiko. Sauti yake ilishuka. "Mwaka jana nilikuwa peke yangu. Madirisha yamefungwa, sijafungua. Maji yapo, sijamwaga. Mtu unamwaga maji, halafu unalala sakafuni peke yako kama maiti? Nilikaa kwenye kiti tu, nikamngoja dada yako arudi."

 Mwaka mzima nilikuwa naogopa jua, na kumbe mzee wangu aliangushwa na upweke. Nilisema pale pale, bila kufikiri mara mbili, kwamba cherehani yangu inahamia sebuleni mpaka mvua zinyeshe, na mteja anayetaka nguo atanifuata hukohuko.  Kaka aliinuka akichuruzika, akaenda nyuma ya mlango, akalibeba begi. Nikashikilia ndoo. Alipita nalo mbele ya mlango wa nje, akaingia chumbani kwa Baba, na tukamsikia akifungua kabati.

"Kila Jumamosi nitakuwa hapa," alisema aliporudi. "Nikikuta sakafu kavu, namchukua."

"Uje na kopo lako," Baba akamjibu.

Alasiri mkokoteni ulikuja, na Shangazi wa Kona nyuma yake. Eti friji limepona haraka mwaka huu, akasema Baba, ila wiki ijayo alilete tena. Lilipokuwa linapakiwa nikafungua mlango kuhakikisha hakuna kitu ndani. Pale kwenye sehemu ya barafu kilikaa kikombe cha ua jekundu, kijiko kimesimama.

"Baba! Tumesahau kikombe!"

"Lifunge hilo friji."

"Lakini kikombe..."

"Hakuna aliyesahau," akasema. "Hajawahi kusahau mtu. Hicho ni cha mwenye friji."

Nikamgeukia kaka, naye akanigeukia. Mashati tuliyoraruana! Shangazi wa Kona alikuwa ameshikilia mbavu. "Miaka yote hiyo mlidhani mnasahau?" Na Baba, bila aibu hata chembe, akasema kwamba hiyo ilikuwa asante yake, na angewaambiaje watu asante na yeye ameshawadanganya kwamba anapima?

Mkokoteni ulipoondoka nikakumbuka kikombe cha Mama. Kwenye friji sikuwa nimekiona, jikoni hakikuwapo. Nikadhani Baba amekula mwenyewe, nikaona ni haki yake, sikuuliza.

Kaka alituaga na shati lake lililokauka vibaya. Baba alimsindikiza mpaka kwenye gari, akakawia pale dirishani, akarudi ndani polepole. Gari likaondoka, na lilipofika konani likasimama. Nikafikiri limezimika, nikalifuata.

Halikuwa limezimika. Kaka alikuwa ameketi nyuma ya usukani, viganja vyake vinasugua kikombe cha mkono uliopinda. Juu ya kiti cha pili kulikuwa na taulo la Baba, limeloa. Barafu ilikuwa imeachia, lakini hakuwa ameionja. Aliponiona alijifuta uso haraka kwa mkono wa shati.

"Sio kitu, Kitinda," akasema. "Joto tu."

Amelitaja. Nikamwambia asiondoke, nikarudi nyumbani mbio kufuata kopo la maji.